Tulipanda 17: mvua ya Uluguru na hesabu nilizokosea

Hela za safari ile nilizishika mimi. Naanza na hilo kwa sababu mengi yaliyoharibika yalianzia hapo.

Kikundi chetu ni cha watu wa Dar tunaotembea kwa miguu mara moja kwa mwezi. Huwa tunakwenda Pugu na Kisarawe, siku nyingine tunafuata ufukwe mpaka jua litutoe. Novemba iliyopita tukaona tumekua, tukapanga kupanda Uluguru na kurudi siku hiyohiyo, maana siku hizi ukipanda SGR ya alfajiri, asubuhi mapema uko Morogoro. Mchango ulikuwa shilingi 65,000 kwa kichwa. Humo 26,000 ni nauli ya treni kwenda na kurudi, zilizobaki ni za kibali cha kuingia hifadhini, mwongozaji, Kosta ya kututoa stesheni, na chakula tulichoagiza mjini tukile tukishashuka. Tulikuwa 17, kwa hiyo mfukoni mwangu ilipita 1,105,000. Ijumaa jioni nilikuwa nimeshalipa kila kitu na kutuma risiti kwenye kikundi, watu wakanimiminia makofi. Sikubakisha hata senti ya dharura. Nilijiona mhasibu hodari.

Utabiri niliusoma. Sitaki mtu aniambie sikuusoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetaja vipindi vya mvua katika maeneo machache ya ukanda wa pwani ya kaskazini, na kaskazini mwa mkoa wa Morogoro huwekwa humohumo pamoja na Dar, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Nikatazama dirishani kwangu Tabata, jua linawaka, nikasema hayo maeneo machache si sisi. Nilichokuwa sijui ni kwamba mlima una hali ya hewa yake. Upepo wa Bahari ya Hindi unasafiri juu ya tambarare bila kizuizi cha maana, unakuja kugonga Uluguru, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga maji. Upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, ndio unaonyeshewa zaidi. Mji wa Morogoro uko upande wa pili. Maana yake ni kwamba ukipanda kutokea mjini, mvua inakujia kutoka nyuma ya mgongo wa mlima, usikoona. Unachokiona wewe ni anga la buluu juu ya mji na mashamba ya mkonge kwa mbali, unapiga picha, na nyuma ya kichwa chako jambo limeshaiva.

Tulianza kupanda saa tatu na nusu. Tulichelewa kwa sababu watu wawili walitaka supu kwanza. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenyeji, Mluguru, amevaa gambuti na begani ana mfuko wa salfeti uliokunjwa vizuri. Tulimcheka chinichini kwa zile gambuti kwenye jua lile. Sisi tulivaa raba za kukimbilia zenye soli laini, wanne walivaa jinzi, na dada mmoja mwembamba, mgeni kwenye kikundi, alikuwa na fulana ya pamba tu na kikoti kafunga kiunoni. Miavuli ilikuwa sita. Makoti ya mvua mawili.

Njia yenyewe ni nzuri, sitaisema vibaya. Unafuata bonde la Mto Morogoro, unapita migomba, magimbi, bustani za mboga zilizobandikwa kwenye miteremko mpaka unajiuliza mwenye shamba analimaje bila kujifunga kamba. Kina mama wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, hawashiki kwa mkono, na wanakusalimu bila kuhema. Katikati tulivuka kijito kidogo juu ya mawe, maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Watoto walikuwa wanafua nguo za shule pale.

Saa saba kasoro tukafika Morningside, kwenye lile jengo la mawe la enzi za Wajerumani. Hapo ni kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, mji uko kama mita 500, kwa hiyo hata jua likiwaka unahisi hewa imebadilika. Mpango wetu ulikuwa kuendelea mpaka kilele cha Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano, mita 2,100 na kidogo. Kimahesabu tulikuwa tumeshachelewa. Kutoka pale kwenda kileleni na kurudi, kwa mwendo wetu, tusingeiwahi treni ya jioni hata jua lingewaka siku nzima. Kila mwenye saa aliliona hilo.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye habari yenyewe.

Kijana aliangalia juu. Bondwa ilikuwa imeshapotea, minara haionekani, kuna kitu cheupe kinateremka taratibu juu ya miti kama maziwa yanayofurika sufuriani. Akaniambia mimi, kwa sababu ndiye niliyemlipa, "Dada, huko juu kumefunga. Mnasemaje?" Hakusema turudi. Alisema mnasemaje. Na mimi badala ya kumuuliza yeye anasemaje, nikageukia watu nikapaza sauti, "Jamani, tunaendelea?"

Hakuna aliyejibu moja kwa moja. Kaka mmoja akacheka akasema mvua ni baraka. Mwingine akasema tumelipia kibali. Shangazi, tunayemwita hivyo kwa umri na heshima ingawa si shangazi wa yeyote kati yetu, alikuwa ameketi kwenye jiwe anajipepea na kofia, akasema, "Mimi nawafuata nyie." Kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aseme. Baadaye usiku kwenye basi niliwauliza mmoja mmoja, na watu tisa waliniambia wazi kwamba pale Morningside mioyo yao ilikuwa imeshageuka. Tisa kati ya 17! Ukiniongeza mimi ni kumi. Wengi wetu tulitaka kurudi, tukaenda mbele kwa pamoja, kwa adabu.

Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Ukiuliza watu 17 mbele ya kadamnasi kama tunaendelea, unamtafuta mtu mmoja wa kujitoa mhanga aonekane mwoga. Sasa hivi tunafanya kinyume. Kabla ya kutoka nyumbani tunaandika saa ya kugeuka, na ikifika tunageuka hata kama kilele kiko mita hamsini mbele. Mwongozaji naye anaambiwa tangu asubuhi, mbele ya wote, kwamba yeye akisema basi ni basi, hela yake haipungui. Nilikuja kujua kwamba yule kijana aliogopa tukirudi mapema tutamkata malipo. Alishawahi kukatwa na wateja wengine. Ningekuwa nimemwambia sentensi moja tu asubuhi, haya mengine nisingekuwa nayaandika.

Tukaingia msituni. Dakika ishirini, thelathini hivi, ukungu ukatumeza. Kulikuwa na ukimya wa ajabu, ndege wamenyamaza, matone yanadondoka kutoka kwenye miti kabla mvua yenyewe haijaanza. Kisha radi ikapiga mahali karibu mno. Mtu akianza kuhesabu baada ya mwanga, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sisi hatukufika hata moja. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Kijana akafungua salfeti lake, akalikunja kona moja ndani ya nyingine likawa kofia na joho kwa wakati mmoja, akasema, "Tunashuka. Sasa hivi." Hakuuliza tena tunasemaje.

Miavuli yote sita ilikufa ndani ya dakika kumi. Njia ile ya udongo mwekundu, tuliyoipanda tukipiga soga, ikageuka mfereji. Raba zetu zilikuwa kama zimepakwa sabuni. Watu walianguka, wakainuka, wakaanguka tena, mwanzoni tukicheka, baadaye kimya. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo, na pamba haikaushwi na mwili, inaunyonya joto lake. Hilo nilikuwa nalisikia tu. Nililielewa nilipojaribu kufunga zipu ya begi na vidole vikagoma. Simu zilikuwa mifukoni. Zamani ungepata rambo ya plastiki ya kufungia, lakini tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, na hakuna kati yetu aliyekumbuka hata kubeba mfuko mtupu wa unga. Simu mbili zilizimika moja kwa moja. Nyingine ziliwaka, ila kioo kikiwa na maji hakisikii kidole.

Kosa kubwa kabisa lilitokea hapo, na lilitokea kimyakimya. Wenye mbio walitangulia, wenye miguu mizito wakabaki nyuma, kijana akawa katikati anakimbia huku na huku kama mbwa mchungaji. Kila upande uliamini asiyeonekana yuko upande wa pili.

Tulikutana tena kwenye kijito, kile cha watoto wanaofua. Sikukitambua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanafika gotini mwa mtu mrefu, yanavingirisha vipande vya migomba, na chini yake unasikia mawe yanagongana. Kijana akasema tukae tusubiri, vijito hivi vinajaa haraka na vinashuka haraka, mvua ikipungua juu haitachukua muda. Nami nikaangalia saa. Ilikuwa saa kumi na robo. Nikaona tiketi 17 za treni mbele ya macho yangu. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu kwa aibu, "Jamani tukishikana mikono tunavuka, treni itatuacha."

Wanaume wawili wakaingia, wakafika. Shangazi akaingia wa tatu kwa sababu mimi nilimshika mkono. Hatua ya nne jiwe likageuka chini ya mguu wake. Aliketi ndani ya maji mpaka kifuani, begi likamvuta, na kwa sekunde kadhaa, sijui ngapi, mkono wake ulikuwa unateleza ndani ya wangu. Kijana alimdaka kwenye mkanda wa begi akamrudisha ukingoni. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshavimba alipovua kiatu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, treni zipo kila siku."

Basi tukakaa. Wawili ng'ambo, waliobaki upande huu chini ya migomba. Hapo ndipo mwalimu mmoja wa sekondari, mtu asiyependa kusema, akaanza kutuhesabu kama wanafunzi mstarini. Kumi na sita. Akahesabu tena. Kumi na sita, pamoja na wawili wa ng'ambo.

Aliyekosekana alikuwa mwenzetu wa umri wa miaka ishirini na kidogo. Tukakumbuka kwa vipande: radi ilipopiga alikuwa ameingia kichakani kujisaidia. Hakuna aliyemsubiri kwa sababu hakuna aliyemwona akiondoka. Yule mwongozaji hakutupigia kelele, alivua begi, akamwachia mwalimu, akapanda tena peke yake kwenye mvua ile.

Sitarefusha saa ile iliyofuata. Niseme tu kwamba yule dada mwembamba alianza kutetemeka mpaka meno yanagongana, halafu akawa anaongea maneno yasiyokamilika na kucheka peke yake, na mimi nikadhani amepata nafuu. Kumbe mtu wa hivyo mwili wake unapoa kupita kiasi. Kaka mmoja akatoa chupa ndogo ya pombe kali ampe apate joto. Mwalimu akaikataa, akasema pombe inakudanganya tu, damu inakimbilia kwenye ngozi na joto la ndani linatoka nje. Tukambana katikati yetu kama dagaa, ndicho tulichoweza.

Maji yalishuka kama alivyosema mwenyeji. Baada ya dakika hamsini hivi mawe ya kuvukia yakaanza kuchungulia. Na karibu na saa kumi na mbili mwongozaji akarejea, kalowa, anatabasamu: ndugu yetu yuko kwa bibi mmoja hapo bondeni, amekosea njia panda, ameshakula gimbi.

Tukashukia huko wote. Bibi alitupokea mlangoni, akatuangalia mmoja mmoja, tukamwamkia shikamoo kwa midomo iliyokufa ganzi. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliwatoa wanaume jikoni, akamvua yule dada nguo zote mbichi, akamfunga kanga mbili na blanketi, akamkalisha mbali kidogo na mafiga. Akampa chai ya mchaichai yenye sukari nyingi, kidogokidogo. Shangazi akakandwa mguu kwa kitambaa, na bibi akamkaripia mtu aliyetaka kuuvuta mguu "urudi mahali pake." Baada ya nusu saa dada alianza kulia, kwa sauti, kilio cha kawaida cha mtu mwenye akili zake. Nami nikalia.

Nilipotaka kumpa bibi chochote nikagundua sina noti hata moja. Kila kitu kilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imekufa.

Kosta ilitusubiri mpaka saa mbili usiku kwa moyo wake dereva, tukamwongezea kwa mchango wa waliokuwa na simu hai. Treni ilishaondoka. Tukapelekwa Msamvu, tukapata basi la usiku, tukashuka stendi ya Magufuli Mbezi saa saba ya usiku ikiwa imeshapita, matope yamekauka usoni. Gharama ni hizi: tiketi za kurudia 17 kwa 13,000, yaani 221,000, zimepotea. Chakula cha 170,000 kililiwa na wengine, na walikuwa na haki, tulikuwa tumeshindwa kufika. Nauli ya basi kila mtu kivyake. Simu mbili. Shangazi alipigwa picha ya mguu, mfupa mzima ila mishipa imetanuka, wiki tatu na fimbo. Matibabu nilimlipia nusu kutoka mshahara wangu, kwa sababu ule mkono ulikuwa wangu. Watu wanne waliondoka kwenye kikundi bila kuaga. Mmoja aliandika kwanza, ujumbe mrefu, na sehemu kubwa ya ujumbe ule ilikuwa kweli.

Tulikaa mwezi mzima hatutembei. Tuliporudi, mwalimu alitugawia namba. Mimi ni nane. Kila baada ya nusu saa, na kila njia panda, tunahesabu kwa sauti kuanzia moja, tunajisikia wajinga mpaka sasa lakini tunahesabu. Kuna mtu wa mwisho ambaye hapitwi na yeyote, na ukitaka kuingia kichakani unamwachia yeye begi lako. Kila mmoja anabeba koti la mvua na fulana kavu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, hata jua likiwaka. Kwenye begi langu kuna noti za 5,000 kwenye kikopo cha dawa. Na safari ya mlima tunalala huko, au tunanunua tiketi ya kurudi tukishashuka; tiketi ya jioni ikiwa mfukoni inakusukuma kuliko mwongozaji anavyokuvuta.

Februari, kiangazi kimekolea, tulirudi tisa kumrudishia bibi kanga zake mbili. Tulimpelekea sukari kilo tano, mchele, na blanketi jipya. Alizipokea kanga akazinusa, akacheka kwamba zimefuliwa kwa sabuni ya mjini. Ilikuwa saa nne asubuhi, anga safi. Tulikuwa na kibali cha Bondwa, nami moyoni nilikuwa nakitaka kile kilele kuliko kitu chochote. Nikamuuliza, "Bibi, leo unaonaje?"

Akatoka uani, akatazama mgongo wa mlima, si upande wa mji tuliokuwa tunautazama sisi. Palikuwa na kiwingu kimoja, cha ukubwa wa kiganja.

"Kunyweni chai," akasema, "kisha mshuke."

Tukanywa, tukashuka. Haikunyesha siku ile hata tone. Saa nane mchana tulikuwa mjini tunakula kuku, wote tisa, na Shangazi akiwa ameweka mguu wake juu ya kiti cha jirani.